Imani, Amana na Udhamini: Maana za Neno la Kiingereza "Trust" katika Historia ya Kenya na Tanganyika, 1919–1961

1.0 Utangulizi

Katika mazungumzo ya kila siku, neno la Kiingereza "trust" humaanisha kumwamini mtu. Katika sheria, humaanisha mali inayoshikwa na mtu mmoja kwa faida ya mwingine. Katika biashara ya Marekani mwishoni mwa karne ya 19, liliitwa hivyo kundi la kampuni zilizoungana kuhodhi soko, kama lile la Standard Oil lililoundwa mwaka 1882. Kiswahili hakina kisawe kimoja cha neno hili. Imani hukaa moyoni. Amana ni kitu kilichowekwa kwa mtu, naye sharti akirudishe. Mdhamini ni mtu aliyejifunga kuwajibika kwa ajili ya mwingine. Makala haya yanajenga hoja kwamba, chini ya utawala wa Kiingereza, uzito wa neno hilo ulitegemea swali moja: aliyeshika amana alihojiwa na nani?

2.0 Kenya: Mdhamini Asiyehojiwa

Waraka wa Devonshire wa mwaka 1923 ulitamka kwamba maslahi ya Waafrika wa Kenya yangetangulia yale ya wahamiaji, na kwamba Uingereza ilikuwa imeshika dhamana kwa niaba yao. Sheria ya mwaka 1930 ikaziweka hifadhi za Waafrika chini ya bodi ya udhamini na kuagiza kwamba ardhi ikitwaliwa, wenyeji wapewe nyingine badala yake. Mwaka 1931 dhahabu ikagunduliwa Kakamega. Kufikia Desemba 1932 sheria hiyo ilikuwa imerekebishwa, na ardhi yenye madini ikaweza kutwaliwa kwa fidia ya fedha, pasipo kuwashauri wenyeji kwanza. Mdhamini alikuwa ndiye mtunga sheria, na wenye ardhi hawakuwa na baraza lolote nje ya himaya hiyo ambalo lingeweza kumhoji.

3.0 Tanganyika: Mlango wa Malalamiko

Ibara ya 22 ya Mkataba wa Shirikisho la Mataifa wa mwaka 1919 iliyaita maendeleo ya watu wa makoloni yaliyotwaliwa vitani amana takatifu. Kwa msingi huo, Tanganyika ilikabidhiwa Uingereza rasmi mwaka 1922. Hata hivyo, malalamiko ya wenyeji yalitakiwa yawe ya maandishi na yapitie kwa serikali ile ile iliyolalamikiwa.

Hali ilibadilika tarehe 13 Desemba 1946, Tanganyika ilipowekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Ibara ya 87 ya Mkataba wa Umoja huo iliruhusu Baraza la Udhamini kupokea malalamiko na kutuma wajumbe kuikagua nchi. Mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 walihamishwa kwa nguvu kutoka Ngarenanyuki ili kuwapisha walowezi wa Kizungu. Mwaka uliofuata, Kirilo Japhet alifika New York kuwasemea. Azimio la kuwatetea halikupata theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu, na ardhi haikurudishwa wakati huo. Hata hivyo, Mwafrika alikuwa amesimama hadharani na kumtaka mdhamini ajieleze.

Njia hiyo ndiyo aliyoipita Julius Nyerere mnamo Machi 1955. Ujumbe wa Baraza uliozuru nchi mwaka 1954 ulikuwa umeona kwamba Tanganyika ingeweza kujitawala katika muda wa miaka 20 hadi 25. Nyerere, kwa niaba ya TANU, aliomba itamkwe kwamba serikali ya baadaye ingekuwa hasa ya Waafrika.

4.0 Hitimisho

Isidhaniwe kwamba udhamini ndio uliozaa uhuru. Kenya, isiyokuwa na udhamini huo, ilijitawala tarehe 12 Desemba 1963, miaka miwili tu baada ya Tanganyika, ingawa kwa gharama ya damu nyingi. Tofauti iliyothibitika hapa ni ya kiutaratibu. Kenya ilipewa neno lenye maana ya imani: watawaliwa walitakiwa kumwamini mtawala. Tanganyika, baada ya 1946, ilipata neno lile lile kwa maana ya amana, na mwenye amana ana haki ya kuidai. Mtafiti anayetafsiri nyaraka za kipindi hiki hana budi kuuliza, kila anapolikuta neno hilo, ni maana ipi iliyokusudiwa na aliyeliandika, na ni ipi iliyoshikwa na walioandikiwa.