Nukta kwa Nukta

Ukiziachia mashine za kutafsiri zikuandikie menyu ya gemu kwa Kiswahili, mahali pa kuchagua kati ya 1366 kwa 768, 1280 kwa 720 na 960 kwa 540 huenda zikalitafsiri neno la Kiingereza "resolution" kuwa "azimio". Kwetu azimio ni jambo ambalo watu wamekaa wakakubaliana: Azimio la Arusha la mwaka 1967, maazimio ya mkutano mkuu, na kwa Wakenya, muungano wa Azimio la Umoja wa uchaguzi wa 2022. Kioo cha laptopu hakijaazimia lolote. Kinachotajwa pale ni idadi: nukta ngapi za mwanga kutoka kushoto hadi kulia, na ngapi kutoka juu hadi chini.

Wengine huandika "mwonekano". Ni neno zuri ila ni pana mno, kwa sababu rangi, mwangaza na ukubwa wa herufi navyo ni mwonekano. Mtaani linalosikika zaidi ni "ubora": ubora wa video, ubora wa picha, weka ubora wa chini. Hilo ndilo linalonikera kuliko yote, maana limebeba hukumu ndani yake. Mchezaji aliyeshusha gemu hadi 960 kwa 540 anaambiwa na lugha yake mwenyewe kwamba amekubali kitu duni, wakati mara nyingi amepiga hesabu nzuri kuliko yule aliyebaki juu huku picha ikikwamakwama.

Hesabu yenyewe ni hii. Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue, Nairobi, zina kioo cha 1366 kwa 768 na hazina kadi ya picha inayojitegemea. Chipu ya picha imo ndani ya prosesa, na inaazima ramu ileile inayotumiwa na kila programu nyingine. Kwa kila fremu, chipu hiyo inatakiwa kukokotoa rangi za nukta 1,049,088. Ikimudu fremu 30 kwa sekunde, imekokotoa nukta kama milioni 31.5. Shusha hadi 960 kwa 540: fremu moja sasa ina nukta 518,400, na fremu 60 kwa sekunde zinafanya milioni 31.1. Kazi ni karibu ileile, lakini gari linalokata kona kwenye gemu linaonekana mara 60 badala ya 30, na kidole kikibonyeza breki, jibu linafika kiooni mapema zaidi.

Hapa ndipo ninapolipenda neno "nukta" kuliko "pikseli", ingawa sina ugomvi na pikseli. Kamusi zetu zinaipa nukta maana mbili. Ni alama ndogo, ile tunayofungia sentensi, na pia ni kipande kidogo cha muda, yaani sekunde. Anayeshusha namba kwenye menyu anatoa nukta za kioo ili apate zaidi ndani ya kila nukta ya wakati. Neno moja linashika pande zote mbili za biashara hiyo, nalo lilikuwepo kabla ya kompyuta kufika pwani. (Hesabu haitimii kila mara. Prosesa ina kazi zake nyingine, kama kusogeza magari na kuwafikirisha wapinzani, na hizo hazipungui kwa kupunguza nukta. Gemu iliyobanwa na prosesa haitaongeza kasi hata ukishuka hadi 640 kwa 360.)

Lugha ya viwanda haisaidii. Muuzaji anakuambia, "Kioo ni HD, kaka," na anachomaanisha ni 1366 kwa 768, ingawa HD ya runinga huanzia 1280 kwa 720. Laptopu ileile, kwa mfano ThinkPad T420 ya mwaka 2011, iliuzwa pia na kioo cha 1600 kwa 900, na hicho kikaitwa HD+. Kisha kuna qHD yenye herufi ndogo na QHD yenye herufi kubwa. Ya kwanza ni 960 kwa 540, ya pili ni 2560 kwa 1440, zaidi ya mara saba ya nukta za mwenzake, na ukizitamka kwa mdomo hakuna tofauti. Kibaya zaidi, HD iliyo ndani ya majina hayo si moja. Herufi ndogo inahesabu robo ya 1920 kwa 1080, herufi kubwa inahesabu mara nne ya 1280 kwa 720. Hata mtu wa kompyuta hukosea hapo.

Kiswahili kina majina ya mafungu haya tayari. Kwa 960 kwa 540 tuna robo. Kwa 640 kwa 360, ambayo ni sehemu moja ya tisa ya 1920 kwa 1080, tuna tusui, neno la ukoo mmoja na thumuni ambalo siku hizi halisikiki sana. Ningefurahi kuliona tena, hata ndani ya menyu ya gemu ya mpira. Lakini kwa matumizi ya kila siku namba zinatosha, zikisomwa kama fundi seremala anavyotaja mbao: mbili kwa nne. Hakuna anayekwenda kununua mbao kwa herufi za siri.

Mafungu kamili yana faida inayoonekana kwa macho. Sogea karibu na kioo cha 1920 kwa 1080 kinachoonyesha picha ya 960 kwa 540. Kila nukta ya picha inaweza kukaa juu ya nukta nne za kioo, mbili kwa mbili, bila kuvuka mpaka, na kingo zikabaki kali. Intel na Nvidia waliweka njia ya kukuza kwa namba kamili kwenye programu endeshi zao mwaka 2019, kwa chipu zao mpya za wakati huo. Sasa weka 1280 kwa 720 kwenye kioo cha 1366 kwa 768. Nukta 1280 zinapaswa kujaza nafasi 1366, kwa hiyo takriban kila baada ya nukta 15 kuna nafasi moja ya ziada ya kuzibwa. Kompyuta inaziba kwa kuchanganya rangi za majirani. Herufi "l" moja ni nyembamba na kali, ya pili imevaa ukungu, na ramani ya pembeni inachosha macho.

Wenye kioo hicho wamedhulumiwa na namba yenyewe. 768 ni urithi wa kiwango cha picha cha XGA cha IBM cha mwaka 1990, kilichokuwa 1024 kwa 768. Ukiupanua urefu huo hadi umbo la 16 kwa 9 unapata upana wa 1365.33; watengenezaji wakaupandisha hadi 1366, namba isiyogawanyika kwa nane, kiasi kwamba baadhi ya kompyuta huonyesha 1360 badala yake. Nusu yake kila upande ni 683 kwa 384, kipimo ambacho ni nadra kukikuta kwenye gemu yoyote.

Kwa hiyo wao ndio wanaonufaika zaidi na gemu zinazotenganisha mambo mawili: maandishi na ramani huchorwa kwa nukta zote za kioo, na ulimwengu wa gemu huchorwa kwa nukta chache kisha ukakuzwa. Dota 2 hufanya hivyo. Menyu ya namna hii ikitafsiriwa inahitaji mistari miwili yenye majina tofauti. Mimi ningeandika "nukta za kioo: 1366 kwa 768", na chini yake "nukta za mchoro: asilimia 70 kila upande". Hayo maneno "kila upande" yasiachwe. Asilimia 70 ya upana na asilimia 70 ya urefu ni nukta 956 kwa 538 hivi, karibu sawa na 960 kwa 540, na kazi ya chipu imeshuka hadi chini ya nusu.