Pakiti Moja, Mikono Mingi

Tuseme polisi wamekamata pakiti ya unga Mnazi Mmoja. Kutoka hapo hadi Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kando ya bahari, ni kama nusu saa kwa miguu. Maabara hiyo ilianza mwaka 1895, enzi za Wajerumani, kwa kuchunguza magonjwa ya nchi za joto. Leo majibu yake yanaweza kumpeleka mtu gerezani maisha.

Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 iliruhusu maoni ya wataalamu mahakamani. Lakini kipimo hakijui pakiti ilipita mikononi mwa nani. Katika Rufaa ya Jinai Namba 110 ya mwaka 2007, Mahakama ya Rufani ilitaka safari ya kielelezo iandikwe: nani alikikamata, nani alikitunza, nani alimkabidhi nani. Mwaka 2009 ikaja Sheria ya Vinasaba vya Binadamu, iliyotaja nani anaweza kuomba kipimo.

Mtuhumiwa hana maabara yake. Ngao yake ni karatasi ya makabidhiano. Ikiwa na pengo, wakili wake anaweza kuuliza: iliyopimwa ndiyo iliyokamatwa?