Nani anamlipa mwalimu? Historia ya shule kwenye pande mbili za Ziwa Mweru



Hapa Mantapala kuna swali moja linarudi kila mara kati ya vijana: kwa nini shule moja iko na walimu wa kutosha, na shule nyingine ya wilaya hii hii ya Nchelenge, mwalimu mmoja anabeba madarasa mawili kwa wakati mmoja? Wengi wanajibu haraka, "juu ya rushwa", ao "juu sisi ni wakimbizi". Mimi ninasaidia darasani kama mtu wa kujitolea, na jibu hilo halikunitosha. Nilianza kuuliza wazee na kusoma kidogo kidogo. Nikaona jambo hili ni la zamani kuliko kambi, na ni la zamani hata kuliko nchi zetu mbili.

Wakati wa wakoloni, serikali haikujenga shule nyingi za Waafrika. Zilikuwa za misheni. Upande wa Kongo, Dan Crawford alikuwa na misheni yake Luanza, kando ya ziwa letu, tangu miaka ya 1890. Upande huu, London Missionary Society ilifika Mbereshi mwaka 1900, na kuanzia 1915 Mabel Shaw akaendesha pale shule ya wasichana iliyojulikana mbali sana. Zote zilikuwa za Waprotestanti, ziwa moja, hata watu wanaofanana kwa lugha. Lakini angalieni pesa.

Wabelgiji, kuanzia katikati ya miaka ya 1920, walianza kutoa ruzuku kwa shule za misheni zilizoitwa za kitaifa, maana yake kwa kweli ni Wakatoliki wa Ubelgiji. Misheni za Waprotestanti zilihesabiwa kuwa za wageni. Ziliachwa nje ya ruzuku mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili. Mtoto wa Luanza na mtoto wa shule ya mapadri walikuwa chini ya serikali moja, lakini mmoja tu ndo alikuwa na mwalimu aliyesaidiwa na pesa ya serikali. Waingereza huku Rhodesia ya Kaskazini hawakuwa wakarimu zaidi, hapana. Ila baada ya tume ya Phelps-Stokes kupita mwaka 1924, walianza kutoa ruzuku kwa misheni bila kuuliza sana dhehebu. Waliuliza kama mwalimu amefunzwa na kama shule inakaguliwa. Shule ndogo ya kijiji yenye mwalimu asiyefunzwa ilibaki mikono mitupu. Kwa hiyo tangu siku zile kuna shule zilizo ndani ya daftari na shule zilizo nje ya daftari.

Zambia ilipopata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, wenye digrii ya chuo kikuu walikuwa kama mia moja tu nchi nzima. Serikali ya Kaunda ikajenga shule za sekondari kwa pesa ya shaba, ikachukua shule nyingi za misheni. Zingine zilibaki kwa makanisa, na hadi leo zinaitwa shule zinazosaidiwa, kama St Clement's ya Mansa: kanisa linaendesha, serikali inalipa walimu. Ndo maana shule ya namna hii haipungukiwi ovyo. Iko na baba wawili.

Kwetu Kongo mambo yalipinda. Mobutu alizitaifisha shule mwisho wa 1974, zikaharibika, na mwaka 1977 akazirudishia makanisa kwa konvansio. Kwenye karatasi serikali ndo inalipa. Lakini miaka ya mwanzo ya 1990 mishahara ilikufa kabisa, na wazazi wakaanza kulipa primu ya mwalimu. Kila mtu aliyesoma Pweto ao Moba anajua kufukuzwa darasani juu ya primu. Katiba ya 2006 ilisema shule ya msingi ni bure, utekelezaji ukaja Septemba 2019. Hapo tatizo la zamani likaonekana mchana kweupe: walimu wasiomekanizwa, yaani wanaofundisha kweli kweli lakini jina halimo kwenye orodha ya serikali. Primu ilipoondoka, wao walibaki na chaki tu.

Msifikiri Zambia haina watu kama hao. Shule za jamii zilianza mwaka 1992 Lusaka, wazazi maskini wakitafuta pa kuweka watoto wao, zikaenea mpaka zikapita 2,000. Mwalimu wake mara nyingi ni kijana wa kijiji aliyemaliza sekondari, analipwa kwa mihogo, samaki, ao asante. Mwaka 2002 ada ya shule ya msingi ilifutwa, watoto wakajaa. Halafu mwaka 2003 na 2004, juu ya masharti ya IMF kuhusu mishahara ya serikali, ajira ikasimama. Walimu waliohitimu walikaa nyumbani na vyeti vyao, madarasa hayana mtu! Hiyo sehemu mimi bado inaniuma nikiisoma.

Sheria ya Elimu ya 2011 ilizitambua shule za jamii. Januari 2022 masomo yakawa bure hadi gredi ya 12 kwa shule za serikali, na mwaka huo waliajiriwa walimu 30,496. Ni hatua kubwa, tuseme ukweli. Lakini mwalimu akipangwa karibu na ziwa, mbali na lami, bila nyumba, anatafuta uhamisho. Akiondoka, kiti kinabaki kitupu.

Sasa Mantapala. Ilifunguliwa mwanzo wa 2018, na watoto wetu wanafuata masomo ya Zambia pamoja na watoto wa wenyeji. Mimi ninaona huo ni uamuzi mzuri, hata kama Kifaransa kimepotea njiani. Mwalimu aliye kwenye orodha ya serikali anabaki hata mradi ukiisha. Mwalimu wa mradi anaondoka na mradi. Wandugu zetu wa mashirika, mkihesabu walimu kwenye ripoti, wagaweni hivyo: wangapi wa serikali, wangapi wa mradi, wangapi wa kujitolea. Jumla peke yake inaficha.

Na ninyi vijana, kama mzazi wako alifundisha Pweto, Moba, Kilwa ao Kashikishi, muulize alilipwa na nani, na mwaka gani malipo yalikatika. Utuandikie hapa.