CEA (kiashiria cha saratani ya utumbo mpana)
CEA ni protini yenye sukari inayotengenezwa kwa wingi na utumbo wa mtoto akiwa bado tumboni mwa mama. Akizaliwa hupungua mno, lakini huongezeka tena katika saratani nyingi za utumbo mpana. Phil Gold na Samuel Freedman waliieleza mwaka 1965 huko Montreal, Kanada.

Hupimwa kwenye damu. Kwa asiyevuta sigara, kiwango cha kawaida huwa chini ya nanogramu 5 kwa mililita. Mvutaji huweza kuzidi hapo bila saratani, na maradhi ya ini nayo hukipandisha. Kwa hiyo kipimo hiki hakifai kusakia saratani kwa watu wazima wenye afya.

Faida yake kubwa ni kwa aliyekwisha kugundulika kuwa na saratani. Kiwango cha juu kabla ya upasuaji huashiria hatari zaidi ya ugonjwa kurudi. Uvimbe ukitolewa wote, kiwango hushuka hadi kawaida baada ya wiki 4 hadi 6. Kisiposhuka, daktari hushuku mabaki. Kikipanda tena baadaye, mara nyingi hutangulia dalili, wakati uvimbe uliosambaa kwenye ini bado pengine unaweza kukatwa. Zipo saratani zisizotoa CEA, na mgonjwa wa namna hiyo asitulizwe na majibu ya damu peke yake.