Ndege Huyo, Ndege Hiyo

Stendi ya Kondoa, mchana wa jua kali. Basi letu la kutoka Babati lilikuwa limesimama kupakia, na kijana mmoja akainua sinia mpaka dirishani kwangu. Juu ya sinia kulikuwa na ndege wadogo waliokaangwa wakakauka, vichwa bado vipo, miguu imekunjwa.

"Dada, kwelea wa moto hawa. Nikufungie wa buku?"

Nikamuuliza swali ambalo jirani yangu wa kiti aliliona la ajabu: "Ni wa mtego au wa dawa?"

Kijana akacheka kama niliyemtusi kidogo. "Wa dawa nani akukaangie, dada? Hawa wametegwa."

Nikatoa elfu moja. Akanifungia kwenye kipande cha gazeti (sikuangalia ni gazeti la nani, maana waandishi tuna aibu zetu), basi likaondoka, na mimi nikabaki na kile kifurushi mapajani bila kukifungua.

Nilikuwa natoka Kolo kuandika habari za michoro ya miambani, ile ambayo Mary Leakey aliikaa na kuinakili mwaka 1951 na ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Watu warefu wembamba, twiga, tembo, pofu, vyote kwa rangi nyekundu iliyofifia. Upande wa magharibi wa huko, Chemba, ndiko waliko Wasandawe, ambao babu zao waliishi kwa upinde na asali. Kwa hiyo kichwani nilikuwa na uwindaji wa heshima, ule wa kuchorwa ukutani. Kumbe uwindaji wenyewe nimeupakata, umefungwa kwenye gazeti.

Swali langu kwa yule kijana lina historia. Nimekulia Bahi, kwa bibi, na utoto wangu wa Machi na Aprili niliutumia juu ya ulingo. Uwele ukianza kujaza, watoto tunapelekwa shambani kuamia ndege, alfajiri mpaka jua linazama. Una kombeo, una debe bovu, una sauti yako. Shuleni nusu ya darasa haipo na mwalimu hashangai. Ukisinzia dakika kumi, wingu linashuka, na likiinuka unaona masuke yamesimama matupu kama mifupa ya samaki. Nimewahi kuchapwa kwa ajili ya usingizi huo. Sikuona kama nimeonewa, kwa sababu niliona pia bibi alivyokaa usiku ule bila kuongea.

Nilipokuwa darasa la nne ilikuja ndege. Hapa Kiswahili kina mchezo wake: kiumbe na chombo tumevipa jina moja, kinachovitenganisha ni upatanisho tu. Ndege hiyo ilipita jioni, chini sana, juu ya miiba walikolala ndege hao. Ilipita mara kadhaa, ikageuka, ikaondoka. Asubuhi ardhi chini ya miiba ilikuwa imefunikwa, na wengine walikuwa bado wanatetemeka. Tukakimbilia na vikapu. Bibi akatuita kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake: "Tupeni! Huyo ameuawa na ndege, hakuuawa na mtu."

Watoto wa jirani walikuwa wameshawapeleka wa kwao nyumbani. Walitapika usiku kucha, wakapona. Siku ya pili nikamkuta bundi chini ya mbuyu, mabawa wazi. Hakuna aliyemsikitikia, bundi kwetu ni bundi.

Na mwaka ule tulivuna. Hilo nalo lazima lisemwe, tena mapema, kabla sijaanza kuwahurumia ndege nikiwa nimeshiba.

Kwelea ana uzito usiofika hata gramu 25. Linnaeus alimpa jina la kisayansi mwaka 1758, akiwa mbali sana na shamba lolote la uwele. Chakula chake hasa ni mbegu za nyasi za porini; anakuja kwetu mbegu hizo zinapokwisha au kuota, na anakuja na wenzake kwa mamilioni. Wanazaliana kwa pamoja, viota maelfu kwa maelfu kwenye mti wa miiba, na ndani ya wiki chache vifaranga wanaruka. Mahindi hayawezi vizuri, kwa sababu yamevaa majani yake. Ndiyo maana mkulima wa Dodoma, ambaye kila serikali tangu ukoloni imemhubiria mtama na uwele kwa sababu vinavumilia ukame, anapanda mahindi huku akijua mvua itamwangusha. Wataalamu walimwita mbishi. Alikuwa anapiga hesabu ya watoto wangapi anao wa kupandisha ulingoni.

Sasa, nani aliamua kwamba mnyama huyu ni wa kuuawa na yule ni wa kutunzwa? Nilianza kulifuatilia kwenye sheria za kale, nikiwa natafuta kitu kingine kabisa, na nikanasa. Mwaka 1896 Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, alitoa amri ya uwindaji kwa Afrika Mashariki ya Kijerumani: leseni kwanza, na maeneo mawili ya hifadhi. Miaka minne baadaye, Mei 1900, wakubwa wa Ulaya walikutana London wakatia saini mkataba wa kuhifadhi wanyama, ndege na samaki wa Afrika. Mkataba ule haukuwahi kuanza kazi kwa sababu waliosaini wengi hawakuuridhia, lakini ukiusoma unaona akili nzima ya karne iliyofuata. Una orodha. Twiga yumo kwenye ya kulindwa. Tai mzoga na bundi nao wanalindwa, kwa sababu wana faida. Halafu kuna orodha ya waharibifu, wa kupunguzwa: simba, chui, fisi, mbwa mwitu, nyani, mamba, chatu.

Simba! Leo watu wanapanda ndege kutoka pembe zote za dunia kuja kumwangalia. Mwaka 1900 alikuwa kwenye kapu moja na nyani. Uharibifu, kumbe, si tabia ya mnyama. Ni nafasi yake kwenye daftari la mtu.

Mkataba huohuo ulitaka nyavu na mashimo ya kutegea vizuiwe kadiri iwezekanavyo, na ukakataza baruti na sumu kwa kuvulia samaki mtoni. Shika hayo mawili, nyavu na baruti, tutayarudia.

Kuua kwa ajili ya chakula kukawa kosa linalohitaji leseni. Kuua kwa ajili ya usafi wa nchi kukawa kazi ya serikali. Sotoka ilikuwa imefagia ng'ombe na wanyamapori miaka ya 1890, vichaka vikarudi, na mbung'o pamoja navyo. Mwingereza Charles Swynnerton, ambaye alikuwa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori Tanganyika, ndiye baadaye aliyeongoza utafiti wa mbung'o huko Shinyanga. Baada ya kifo chake mwaka 1938, idara yake ilifanya jaribio ambalo sijawahi kulisoma kwenye kitabu chochote cha shule: katika miaka ya 1940 walichagua eneo la Shinyanga na kuwapiga risasi wanyama wake, maelfu, miaka kadhaa mfululizo, waone kama mbung'o atakufa kwa kukosa damu. Rhodesia ya Kusini waliua mamia ya maelfu kwa hoja hiyohiyo. Miaka hiyohiyo, Msukuma aliyekutwa na swala begani alikuwa jangili.

Sisemi Waingereza walikuwa wapumbavu. Malale yanaua watu na nagana inaua ng'ombe. Nasema tu kwamba mnyama aliyeuawa na ofisi alihesabiwa kuwa maendeleo, na aliyeuawa na njaa ya mtu akahesabiwa kuwa wizi. Uhuru haukuibadilisha sana hesabu hiyo. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 1974, na ile ya 2009 iliyochukua nafasi yake, zote zimemwacha mnyama mikononi mwa serikali. Ilikuja kulegezwa kidogo mwaka 2020, zilipotoka kanuni za mabucha ya nyamapori, ili mwananchi naye aweze kununua kilo yake bila kujificha. Napenda wazo hilo, ingawa kununua buchani si kuwinda.

Turudi kwa kwelea. Miaka ya 1950 ndipo vita dhidi yake vilipopamba moto barani. Wakoloni walijaribu mioto, walijaribu sumu, na walijaribu baruti: mapipa ya mafuta na vilipuzi yakitegwa chini ya miti walikolala ndege, usiku yakalipuliwa. Baruti ileile iliyokatazwa kwa samaki. Mwaka 1962 likaundwa shirika la nchi za Afrika Mashariki la kudhibiti nzige wa jangwani, DLCO-EA, na ndege zake zikaja kufanya na kazi ya kwelea. Dawa ikawa fenthioni, sumu inayovuruga mishipa ya fahamu. Inapulizwa magharibi, makundi yakishatua kulala. Asiyekufa papo hapo anaruka mlemavu, na anayemla mlemavu huyo anakunywa naye dawa: mwewe, tai, korongo, bundi wangu wa chini ya mbuyu. Wote walikuwa upande wetu katika vita hivyo, kwa sababu wote hula kwelea. Mwaka 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Rotterdam walikubaliana kuiingiza fenthioni ya aina hiyo ya kunyunyizia kwenye orodha ya dawa ambazo nchi lazima iridhie kabla haijaletewa. Hilo si katazo. Ni kubisha hodi tu.

Na kelele haziishi. Januari 2023 Kenya ilitangaza operesheni ya kuua kwelea milioni 6 kwenye mpunga wa Kisumu. Milioni 6 hao nani aliwahesabu, na baada ya kufa nani aliwaokota?

Hapo ndipo Warangi wa Kondoa wanaponivutia. Wao wanategemea nyavu na mitego ya kusuka, ambayo ndege anaingia kwa mlango mwembamba na kutoka hajui. Wanamchuna, wanamkaanga au kumkausha, wanamuuza. Watafiti wa Kitanzania na Kiingereza wameandika kuhusu mbinu hizi kama njia mbadala ya dawa: protini inabaki kijijini, sumu haimwagwi. Tena ni wavu, ule chombo kilichotazamwa kwa jicho baya London mwaka 1900.

Ingekuwa rahisi niishie hapo: dawa mbaya, mtego mzuri. Lakini sijaamini. Wavu haubagui, unanasa na ndege asiye na kesi. Ndani ya mtego uliojaa, ndege wanakanyagana, na shingo inavunjwa kwa vidole, mmoja baada ya mwingine, na mtu anayefikiria mengine. Mtego pia hauwezi kumaliza kundi la mamilioni kabla halijafika kwenye uwele wa mtu wa Bahi. Na kula peke yake si kibali. Wamarekani walikuwa na njiwa aliyefunika jua kwa wingi, wakamwinda kwa ajili ya soko mpaka wa mwisho, jike lililoitwa Martha, akafia kwenye bustani ya wanyama ya Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914. Wachina nao mwaka 1958 walimtangazia shomoro vita kama mharibifu wa nafaka, wakampigia masufuria mpaka akaanguka kwa uchovu, na wadudu aliokuwa akiwala wakaifuata nafaka. Mmoja alimalizwa na walaji, mwingine na wasafishaji.

Nilimpigia bibi simu tulipopita Chemba, mtandao ukikatika-katika. Sasa ni mzee, anakaa na mjomba palepale Bahi.

"Mbukwa, bibi."

"Mbukwa, mjukuu wangu. Uko wapi na kelele hizo?"

Nikamwambia, nikamwambia na kifurushi. Nikamuuliza kama siku ile, ndege ilipokuja, angeweza kuizuia angeizuia?

Akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umeondoka. "Niizuie? Mlikuwa watoto wanne, na ghala lina uwele wa wiki mbili." Halafu akasema, "Lakini mlitaka kula kitu ambacho hakuna aliyekitafuta. Kile kilikuwa kimetupwa. Mtu akimuua ndege ili amle, anajua amemuua. Wale wa ndege hawakushuka hata kuangalia."

"Kwa hiyo hawa niwale?"

"Umewanunua uwaangalie?"

Nikafungua gazeti. Walikuwa wanane. Jirani yangu wa kiti, aliyekuwa ameliona swali langu la ajabu, akanyoosha mkono bila kuombwa ruhusa, akachukua mmoja, akamtafuna kuanzia kichwa. Mimi nilianzia kifuani. Nyama ni kidogo mno, karibu yote ni mfupa mwembamba unaovunjika kama kijiti, na ndani ya mmoja wao nilikuta punje mbili za nafaka, zimekaangwa naye. Nilizitazama nisijue kama ni mbegu za nyasi au ni uwele wa mtu. Nikazila.