Kabla ya kupanda basi la Kitengela: namna ya kumwandikia mwajiri kupitia tovuti za ajira

Mwezi uliopita mpwa wangu alinipigia simu akiwa Mwembe Tayari, begi begani, anatafuta basi la usiku. Ameitwa kazini Kitengela, ukarani wa stoo. Aliona tangazo mtandaoni, akatuma wasifukazi wake kwa WhatsApp, na baada ya saa mbili akajibiwa kwamba amefaulu, aripoti Jumatatu. Kilichobaki ni Sh1,500 za kupimwa afya, zitumwe kabla ya magharibi. Nikamwuliza kampuni inaitwaje. Akanyamaza kidogo.

"Mjomba, hawajaitaja bado."

Hakupanda basi, alhamdulillahi, na pesa hakutuma. Lakini tangu siku ile nimeulizwa maswali ya namna hiyo na vijana wengine wa mtaani, wa kiume na wa kike, nikaona heri niyaweke pamoja ninayoyajua, maana bara ni mbali na nauli ya kwenda kubahatisha si ndogo.

Kwanza tuelewe mahali penyewe. Kitengela iko kaunti ya Kajiado, lakini imepakana na Athi River, ambayo ni Machakos. Wengi wanaolala Kitengela huvuka mpaka huo kila asubuhi kwenda kazini: kwenye viwanda vya nguo vya eneo la EPZ, lililoanzishwa chini ya sheria ya mwaka 1990, viwanda vya saruji, na maghala yaliyopangana kando ya barabara ya Mombasa. Ukishika barabara ya Namanga kuelekea kusini unafika Isinya, penye mashamba ya maua, kisha mji wa Kajiado wenyewe, kama kilomita 50 kutoka Kitengela, ambako ziko ofisi za kaunti. Kwa hiyo tangazo likisema tu "Kitengela", swali lako la kwanza ni kiwanda gani, barabara gani. Mwajiri wa kweli haoni tabu kulijibu.

La pili ambalo vijana wetu hawaambiwi: si kila kazi ya huko inapitia mtandaoni. Mashona nguo na vibarua wa viwandani kwa kawaida huchukuliwa getini. Watu husimama pale alfajiri, msimamizi akatoka akahesabu anaowataka, waliosalia wakarudi kesho. Kwa kazi hizo, binamu au rafiki anayeishi Kitengela atakufaa kuliko tovuti kumi. Ukiona tangazo kwenye Facebook la mashona nguo 200, mshahara mnono, chakula na malazi bure, jiulize kwa nini kiwanda chenye foleni mlangoni kihangaike kutangaza hivyo. Tovuti za ajira zinafaa zaidi kwa uhasibu, mauzo, ufundi wa mitambo, udereva wa malori, ualimu wa shule za kibinafsi, uuguzi, na hiyo kazi ya stoo aliyoitaka mpwa wangu.

Tovuti zenyewe zinajulikana. BrighterMonday ndiyo kongwe miongoni mwa zinazotumika sana hapa Kenya, iko tangu 2006. Kuna Fuzu, kuna MyJobMag, na kuna LinkedIn, ambayo ni mahali pa kujuana na watu wa kazi kama ilivyo mahali pa matangazo. Usizichukulie zote sawa. Baadhi ya matangazo huwekwa na mwajiri mwenyewe, na ombi lako linamfikia moja kwa moja. Mengine yamenakiliwa tu kutoka gazetini au tovuti ya kampuni, pengine muda wake umeshapita. Kanuni ninayoifuata mimi: nikiliona tangazo, nalitafuta upya kwenye ukurasa wa kampuni yenyewe. Nikilipata huko, naomba huko huko. Nisipolipata, napiga simu kwa nambari iliyo kwenye tovuti ya kampuni, si ile iliyo kwenye tangazo, nawauliza kama nafasi hiyo ni yao. Dakika mbili tu.

Ukijaza maelezo yako kwenye tovuti hizi utaulizwa maswali ya kuchuja: kiwango cha elimu, miaka ya uzoefu, mshahara unaotarajia. Majibu hayo hutumika kuchuja watu kabla wasifukazi wako haujafunguliwa. Mimi ni mtu wa diploma, na nimewahi kuambiwa na watu wa nia njema niandike digrii "ili tu nipite". Usifanye. Ukipita kwa uongo utakwama siku ya kuonyesha vyeti, na jina lako litabaki pale. Tafuta tangazo linalotaka ulichonacho, na uombe siku za mwanzo, maana mwajiri akishapata watu wa kutosha hana haja ya kusoma waliokuja mwisho.

Sasa barua yenyewe. Utaiandika kwa Kiingereza, ndiyo desturi ya ofisi zetu, ila mpango wake ni huu. Kwenye kichwa cha barua pepe weka jina la kazi na nambari ya tangazo kama ipo, kisha jina lako. Sentensi ya kwanza itaje kazi na ulikoiona. Ya pili na ya tatu ziseme umefanya nini kinachofanana nayo: si kwamba wewe ni mchapakazi, kila mtu husema hivyo, bali kwamba ulihesabu mzigo kwenye ghala la Changamwe kwa miaka miwili na unajua kutumia programu ya stoo. Halafu useme wazi kwamba uko Mombasa, kwamba uko tayari kuhamia, na unaweza kuanza lini. Wengi wetu huficha anwani ya Mombasa wakidhani itawanyima kazi. Mwajiri akigundua baadaye ndipo anapokasirika. Malizia kwa kuomba mahojiano ya kwanza yafanywe kwa simu au kwa video, ili nauli uitumie ukishajua kuna jambo. Barua isizidi nusu ukurasa. Wasifukazi uwe kurasa mbili, kwa PDF, na faili liitwe jina lako, si "CV mpya ya mwisho 3".

Picha haihitajiki. Dada zetu huuliza sana kama waweke picha ya hijabu au wasiweke. Jawabu langu ni kwamba wasiweke picha yoyote. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inamkataza mwajiri kubagua kwa dini au kabila, na inamlinda hata anayetafuta kazi. Swali la swala ya Ijumaa nalo liulizwe ukishapewa nafasi, kabla ya kutia saini, kwa upole na bila kuomba radhi.

Baada ya kutuma, subiri. Kama siku ya mwisho ya maombi imepita kwa wiki moja na kimya kimezidi, andika ujumbe mmoja mfupi kuuliza. Mmoja. Ukimpigia afisa wa ajira kila siku unamfundisha kukukwepa.

Kazi za serikali ya kaunti zina njia yake. Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti ya Kajiado hutangaza nafasi zake hadharani, na maombi hayalipiwi. Hapa pana jambo ambalo watu wa pwani hatulitumii. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 65, inataka kuzingatiwa kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia ziende kwa wasiotoka jamii iliyo kubwa katika kaunti hiyo. Sisi huijua sheria hii tunapolalamika kwamba wageni wamejaa Mombasa na Kwale. Ni sheria hiyo hiyo inayotupa haki ya kuomba Kajiado.

Tuje kwenye pesa na stakabadhi, ambapo ndipo watu wetu wanapoumia. BrighterMonday yenyewe huweka onyo kwenye matangazo yake kwamba usilipe chochote bila kuthibitisha nao. Ada ya usajili, ya sare, ya kupimwa afya, ya mafunzo: vyovyote itakavyoitwa, ikitakiwa itumwe kwenye nambari ya simu ya mtu binafsi kabla hujaona ofisi, huo ni wizi. Na haraka ndiyo alama yake kubwa. Angalia pia anwani ya barua pepe: kampuni kubwa yenye tovuti yake haimwandikii mtu kwa Gmail.

Kitambulisho nacho kina thamani kuliko Sh1,500. Katika barua ya kwanza usitume nakala yake, wala PIN ya KRA, wala cheti cha tabia njema. Mtu mwenye nakala ya kitambulisho chako anaweza kuitumia kwa mambo utakayokuja kuyalipia wewe. Sheria ya ajira ilirekebishwa mwaka 2022, na sasa mwajiri anaweza kudai vyeti vya kibali pale tu anapokusudia kuingia mkataba nawe. Kwa hiyo ukiambiwa ulete vyote ndipo ombi lisomwe, uliza kwa adabu kama mkataba uko tayari. Na ajira ikiwa ni ya miezi mitatu au zaidi, sheria inataka mkataba wa maandishi. Uusome wote, hata kama aliyekupa anatazama saa.

Kama umeshatuma pesa, usikae ukajilaumu. Tuma ujumbe wa M-Pesa kwa 456 mara moja kuomba zirudishwe. Zikiwa hazijatolewa kuna tumaini. Nambari ya tapeli ipeleke 333. Kisha piga ripoti polisi, au DCI kwa 0800 722 203, simu ya bure. Hifadhi mazungumzo yote, usiyafute kwa hasira.

Mpwa wangu alikaa nami Jumamosi nzima tukaandika upya. Lile tangazo la Kitengela tuliliuliza jina la kampuni, na ile nambari haikujibu tena. Alituma maombi matano kwa kampuni tulizozithibitisha. Tatu hazijajibu mpaka leo, moja ilikataa kwa barua ya heshima, na moja ya Athi River ilimpigia, ikamhoji kwa simu dakika ishirini, halafu ikamwita. Safari hii alikwenda kwa treni ya asubuhi kutoka Miritini, ile inayosimama stesheni za njiani, akashuka Athi River na kumalizia kwa matatu. Majibu wamesema wiki ijayo, inshallah.