Onyo Lililoishia kwa Daktari

Septemba 2021 Linda Evangelista, mwanamitindo wa Kanada aliyevuma katika miaka ya 1990, alifungua kesi katika mahakama ya shirikisho mjini New York akiidai kampuni ya Zeltiq fidia ya dola milioni 50. Alieleza kuwa mashine ya kampuni hiyo iitwayo CoolSculpting, aliyotibiwa nayo kati ya 2015 na 2016, ilimnenepesha pale pale alipotaka kupungua. Julai 2022 pande hizo mbili zilimalizana nje ya mahakama. Hivyo swali zito la kisheria halikupata hukumu: onyo la hatari lilipaswa kumfikia nani?

Tiba yenyewe haitumii kisu. Mashine hufyonza mkunjo wa ngozi na kuupoza mpaka seli za mafuta zife, ngozi ikisalimika kwa sababu mafuta hushindwa na baridi mapema zaidi. Dieter Manstein na Rox Anderson waliibuni katika Hospitali Kuu ya Massachusetts, na mwaka 2010 serikali ya Marekani ikaruhusu itumike kupunguza mafuta ya ubavuni.

Kwa baadhi ya watu, hata hivyo, mafuta yaliyopozwa huongezeka badala ya kufa. Miezi michache baada ya tiba hujitokeza uvimbe mgumu wenye kingo zilizonyooka, mithili ya kipande cha siagi kilichofichwa chini ya ngozi, ukifuata umbo la kifaa kilichobandikwa hapo. Kujinyima chakula hakuupunguzi, mazoezi hayauondoi. Kwa kawaida huishia kwenye upasuaji, yaani jambo lile lile ambalo mteja alilipa ili alikwepe.

Hatari hiyo ni kubwa kiasi gani? Ripoti ya kwanza ya kitabibu, ya mwaka 2014, ilikadiria mtu 1 kati ya 20,000. Baadaye kampuni yenyewe ikataja 1 kati ya 3,000, lakini hiyo ni hesabu ya mizunguko ya tiba, si ya watu. Kila kifaa kinapobandikwa mahali pamoja, huo ni mzunguko mmoja. Anayetibiwa tumbo na mbavu hupitia mizunguko kadhaa. Ikifika 10, hesabu ya kawaida humweka karibu na 1 kati ya 300. Mteja aliyetia saini akidhani ile 3,000 inamhusu yeye mzima hajaridhia hatari aliyobeba kweli.

Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilikataa madai ya mkazi wa Florida aliyepatwa na tatizo hilo. Kanuni iliyotumika ni ya zamani: mtengenezaji akishamwonya daktari, ametimiza wajibu wake, na daktari ndiye wa kumweleza mgonjwa. Mwongozo wa mashine ulitaja uvimbe huo na uwezekano wa upasuaji, hilo likatosha.

Kanuni hiyo ina mantiki pale daktari anapopima ugonjwa na kuchagua dawa. Hapa hakuna ugonjwa. Mteja ameona tangazo, amevutiwa na picha za kabla na baada, amefika kliniki akiwa ameshaamua, na mara nyingi mashine huendeshwa na msaidizi. Mahakama ya Juu ya New Jersey ililiona hilo mwaka 1999 katika kesi ya vipandikizi vya uzazi wa mpango vya Norplant, ikasema mtengenezaji anayejitangaza moja kwa moja kwa wananchi hawezi kujificha nyuma ya daktari.

Itasemwa kuwa aliyeumia anaweza kuishtaki kliniki. Anaweza, ila kliniki moja huenda isikutane na tatizo hili hata mara moja kwa miaka, ilhali taarifa za kliniki nyingi hukusanyika kwa mtengenezaji. Mwenye takwimu hizo na mwenye kulipia matangazo ni yule yule. Basi onyo lake lianzie kwenye tangazo lenyewe, na hatari itajwe kwa kila mtu kulingana na mizunguko atakayouziwa.